Bembea ya Fragonard na kiapo cha David: mlipaji alikuwa yuleyule

#1 Mpaka_Rangi

Wakuu, salaam.

Kuna mtu aliandika kwenye uzi mwingine, tena kwa kujiamini, kwamba Rokoko ilikuwa sanaa ya makabaila waliolewa starehe, halafu yakaja Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, mchoraji David akafuta yale maua na vitoto vyenye mabawa, akaweka Waroma wenye panga. Watu wakammiminia laiki. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, ndiyo maana nimefungua huu. Mwenye chai aisogeze.

Niseme kabisa ninakokwenda. Kiapo cha Horatii, picha ya David ambayo kila mtu anaiita tarumbeta ya Mapinduzi, ilioneshwa Paris mwaka 1785. Gereza la Bastille lilikuwa bado na miaka 4 ya kusimama. Na aliyeiagiza ni ofisi ya majengo ya mfalme, kwa hela ya Louis XVI. Sasa niambieni, huyo mfalme alikuwa anajilipia mazishi yake, au sisi ndio tunaosoma historia kinyumenyume?

Tuanze na macho kwanza, siasa baadaye.

Siku moja nilikuwa London kwa shughuli zangu, mvua ikanikimbiza, nikaingia Wallace Collection, jumba la makumbusho, kwa sababu hawatozi kiingilio. Bembea, picha ya mchoraji wa Rokoko Fragonard, ipo pale. Kilichonishtua ni udogo wake: sentimita 81 kwa 64. Binti wa gauni la waridi amepaa juu, kiatu kimoja kimemchomoka kinaruka hewani. Chini kushoto kijana amejilaza kwenye vichaka, anatazama kule ambako mwenye adabu hatazami. Nyuma kwenye kiza cha miti kuna mzee anavuta kamba za bembea, hana habari. Sanamu ya Kupido, mungu wa mapenzi, imeweka kidole mdomoni: shii, nyamazeni. Miti yenyewe wala haijitahidi kuwa miti, ni povu la kijani na buluu. Ukiisogelea unaona mipigo ya brashi tu, mtu kapaka mbiombio. Rudi hatua mbili, lesi ya gauni inatokea yenyewe. Mimi napaka mabango ya maduka miaka mingi, najua ugumu wa kupaka haraka bila kuharibu. Nilisimama pale hadi mlinzi akaanza kunitilia shaka.

Ilichorwa 1767. Kisa chake ni cha kijiweni kabisa. Bwana mmoja wa ikulu alimwendea kwanza mchoraji anaitwa Doyen, ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka kusifiwa kwa picha ya kanisani, akamwambia: nichoree kimada wangu kwenye bembea, asukumwe na askofu, na mimi uniweke mahali nitakapoona miguu yake. Doyen akaona hii ni balaa, akamwelekeza kwa Fragonard. Fragonard akaipokea kazi, ila askofu hakumweka. Pale yupo mzee wa kawaida.

Sasa nenda Louvre, makumbusho ya Paris, ukasimame mbele ya Horatii. Mita 3.30 kwa 4.25. Hiyo huitazami, inakutazama. Ndugu watatu wamenyoosha mikono, baba yao katikati ameshika panga tatu, nyuma yao matao matatu mazito yasiyo na pambo hata la dawa. Mpigo wa brashi hauonekani popote, uso wa picha umesuguliwa ukawa kama kauri. Wekundu wa joho la baba ndio rangi pekee inayopiga kelele; kwingine ni kijivu, hudhurungi, mawe. Bembea itashuka nusu sekunde ijayo, na kiatu kitaanguka. Hawa wa David mikono yao haitashuka kamwe.

Lakini tazama kulia. Wanawake wamelegea kama nguo zilizotundikwa zikaanguka. Vita ni kati ya Roma na Alba, na imekubaliwa ndugu watatu wa huku, akina Horatii, wapigane na ndugu watatu wa kule, akina Curiatii. Mmoja wa wale wanawake ni mke wa mmoja wa Horatii na ni dada wa akina Curiatii. Mwingine ni dada wa akina Horatii na amechumbiwa na mmoja wa Curiatii. Yaani hata ashinde nani, msiba upo nyumbani. Na mwisho wa hadithi, kaka anayebaki hai anarudi, anamkuta dada yake anamlilia mchumba, anamuua kwa upanga uleule. Ndiyo "uzalendo" uliotundikwa ukutani na mfalme ili raia wajifunze.

Ukubwa wenyewe unakwambia picha ilikuwa inaenda kwa nani. Louis XIV alipokufa 1715, mrithi wake alikuwa mtoto wa miaka 5, na mtawala wa muda akaihamishia ikulu Paris. Makabaila waliochoka kusimama kwenye kumbi za Versailles wakajijengea nyumba mjini: vyumba vidogo vya joto, kona zimeviringwa, vioo kila mahali, na picha juu ya milango. Chumba cha namna hiyo hutundiki vita vya Aleksanda. Unatundika picha ya mchoraji Watteau: watu wa hariri bustanini wanaongea mambo ya mapenzi kwa sauti ya chini. Watteau huyohuyo, mwaka mmoja hivi kabla ya kufa kwa kifua kikuu, alimchorea rafiki yake muuza picha bango la duka. Pembeni mwa bango wafanyakazi wanaipakia picha ya Louis XIV kwenye sanduku la mbao, kama stoo. Sijaona mtu aliyesema "zama zimekwisha" kwa upole kuliko hivyo, tena kwenye bango la duka!

Nitaendelea. Mods naomba msiunganishe.

#2 Kidagaa

Mkuu nondo nzito. Swali dogo: hao akina Watteau walijiita Rokoko? Au ni jina la baadaye?

#3 Mpaka_Rangi

Ni jina la baadaye na ni tusi. Kulikuwa na mapambo ya kokoto na makombe ya baharini kwenye mapango ya bustani, Wafaransa wanayaita rocaille. Inasimuliwa kwamba ni wanafunzi wa David, miaka ya 1790, waliolipotosha neno hilo kwa dhihaka likawa "rococo", maana yake mambo ya kizee, ya kipuuzi. Na hao wa upande wa David wenyewe hawakujiita Uklasiki Mpya, hilo nalo waliwekewa na watu wa karne iliyofuata. Wao walisema tu wanaurudia mtindo wa kweli. Kila kizazi kinaamini hivyo.

Wanafunzi haohao, kwa masimulizi ya mmojawao, walikuwa wanaitwanga picha ya Watteau ya kisiwa cha Cythera kwa vidonge vya mkate. Picha ile ilikuwa mali ya Akademia, chuo cha kifalme cha wachoraji, tangu 1717, imetundikwa darasani. Leo ipo Louvre.

#4 Mpaka_Rangi

Naendelea. Mabadiliko yalianzia wapi kama si 1789?

Yalianzia nyumbani kwa Rokoko wenyewe. Madame de Pompadour, hawara rasmi wa Louis XV, ndiye mlezi mkubwa wa mchoraji Boucher, na Boucher ndiye Rokoko yenyewe: miungu wa kike wanene wa rangi ya waridi juu ya mawingu, wachungaji wasiowahi kunusa mbuzi. Sasa mama huyu alikuwa na mdogo wake, Marigny, aliyeandaliwa kuwa msimamizi wa majengo ya mfalme. 1749 dada mtu akampeleka Italia kusoma, akiwa na msanifu Soufflot na mchoraji Cochin. Mwaka mmoja kabla yake wachimbaji walikuwa wameanza kufukua Pompeii, na Herculaneum ilikuwa inafukuliwa tangu 1738. Kijana akarudi 1751 na kichwa kimegeuka. Miaka michache baadaye Paris nzima inazungumzia "ladha ya Kigiriki": viti vya Kigiriki, saa za Kigiriki, mpaka nywele. Kwa hiyo mtindo ulioua Rokoko uliingia kwa mlango wa Pompadour.

Halafu kuna Saluni. Si ya kusuka, jamani. Ni maonyesho ya Akademia ndani ya Louvre, yaliyoanza kufanyika kwa mfululizo 1737, baadaye kila baada ya miaka miwili, bure kwa kila mtu. Muuza samaki anasimama karibu na kabaila, wote wanatoa maoni. Picha iliyofanywa kwa ajili ya chumba cha kulala inapelekwa uwanjani, ndipo aibu inapoanza. Mwandishi Diderot alikuwa anaandika mapitio ya Saluni tangu 1759, na la Boucher alilolisema 1761 halijafutika mpaka leo: mtu huyu ana kila kitu, isipokuwa ukweli.

Mimi nasema Diderot alikuwa sahihi na alikosea. Boucher hakuwa anauza ukweli. Ni sawa na kumlaumu mpishi wa halua kwamba haina dagaa.

Na angalia unafiki: mapitio hayo ya Diderot hayakuuzwa mtaani. Yalinakiliwa kwa mkono na kutumwa kwa wafalme na wakuu wachache wa Ulaya, Katarina wa Urusi akiwemo. Ukali dhidi ya anasa ulisomwa na wenye anasa.

#5 Kijiwe_Ubungo

Sasa mkuu haya yanatusaidia nini sisi? Wafaransa wabembee, sisi tuna foleni ya daladala.

#6 Mpaka_Rangi

Haya, kwa kuwa umeuliza. Mwaka 1776, mwaka mmoja tu baada ya David kuondoka Paris kwenda kusoma Roma, Mfaransa anaitwa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Île de France, ambayo leo ni Morisi. Sisemi rangi ya Fragonard ilinunuliwa kwa hela hiyo. Nasema ni jamii ileile, miaka ileile, na pwani yetu ilikuwa kwenye daftari lao. Picha zao zinaonesha hariri na kahawa na sukari. Shamba lenyewe halichorwi.

Endelea na foleni yako kaka.

#7 Mama_Nasra

Asalaam aleikum. Nauza vitambaa, kwa hiyo nitaingilia kwenye kitambaa. Mpaka_Rangi umetaja wachoraji wanaume pekee. Elisabeth Vigée Le Brun je? Huyu na Adélaïde Labille-Guiard waliingizwa Akademia siku moja, 31 Mei 1783, na mwaka huohuo Vigée Le Brun akapeleka Saluni picha ya Marie Antoinette amevaa melimeli nyeupe, laini, mkanda kiunoni na kofia ya majani. Basi! Hakuna taji, hakuna almasi.

Watu wakaja juu. Malkia kaja hadharani na nguo ya ndani! Wengine wakasema anaua hariri ya Lyon kwa kuvaa pamba ya kigeni. Picha ikaondolewa, mchoraji akatengeneza nyingine upesi: malkia yuleyule, waridi lilelile mkononi, ila safari hii kavishwa hariri ya buluu na lesi.

Hapo ndipo ninapocheka. Miaka yote walikuwa wanalaumu mapambo mengi, malkia alipoyavua wakamwambia rudisha. Mwanamke hashindi.

#8 Mpaka_Rangi

Wa aleikum salaam mama. Umenipa ushahidi nilioukosa. Usahili wa melimeli ni ladha mpya hiyo, na aliyeivaa mapema ni malkia mwenyewe.

#9 Mwl_Mstaafu

Vijana, nimesoma kwa furaha. Nilifundisha historia miaka 31, niruhusuni nipinge kidogo.

Mpaka_Rangi anaitazama risiti mno. Aliyelipa si lazima awe ndiye anayeamua picha itasema nini. Chukueni Brutus ya David. Iliagizwa na serikali ya mfalme, sawa. Brutus ndiye aliyemfukuza mfalme wa mwisho wa Roma, na wanawe walipokula njama za kumrudisha, akaamuru wauawe. David anamchora baba kivulini, ameketi, maiti za wanawe zinapitishwa nyuma yake. Ilichorwa kabla ya Julai 1789, ikaoneshwa Saluni ya mwaka huo, Bastille ikiwa imeshaanguka. Unadhani watu walijali nani aliiagiza? Mwaka uliofuata, mchezo wa Voltaire kuhusu Brutus ulipooneshwa jukwaani, waigizaji walijipanga sawasawa na picha ile, ukumbi ukalipuka.

Halafu David mwenyewe. Akawa mbunge wa Mkutano wa Taifa. Januari 1793 akapiga kura Louis XVI auawe. Mkewe akamwacha kwa ajili hiyo, ingawa baadaye walirudiana. Julai Marat, mwandishi wa Mapinduzi, akachomwa kisu bafuni, David akamchora: nusu ya turubai ni ukuta mtupu, sanduku la mbao, mkono unaning'inia. Agosti Akademia ya Kifalme ikafutwa, naye akiwa mstari wa mbele. Mtu aliyepiga kura ya kumuua mteja wake huwezi kusema ni mwendelezo wa biashara.

#10 Mpaka_Rangi

Shikamoo mwalimu. Nakubali nusu. Kweli, watu wakiisoma picha kwa macho mapya, inakuwa picha mpya. Na Marat ile, siwezi kuibishia. Picha tupu kama ile haikuwahi kuagizwa na mfalme yeyote.

Ila nami niruhusu nikuoneshe jinsi watu hawa walivyokuwa wamesukana, maana ndiyo sababu hasa ya uzi.

David alikuwa jamaa wa mbali wa Boucher. Familia ilimpeleka kwa Boucher akafundishwe, mzee akaona umri umekwenda, akamwelekeza kwa mchoraji Vien. Picha za mwanzo za David ni Rokoko tupu. Tafuta Vita vya Mars na Minerva ya 1771, utaona mawingu ya Boucher hayajapungua. Akashiriki shindano la kwenda Roma, akakosa, akakosa tena 1772, akajifungia chumbani asile mpaka afe. Inasimuliwa aliyemshawishi afungue mlango ni mmoja wa waamuzi, Doyen. Ndiyo, Doyen yuleyule aliyekataa bembea! Akashinda 1774.

Kuna mcheza dansi maarufu, Guimard, alikuwa anajenga nyumba ya fahari Paris. Mapambo alimpa Fragonard. Wakagombana. Aliyemalizia ukuta ni David kijana. Ukuta mmoja, brashi mbili.

Sasa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Madame du Barry, hawara wa mwisho wa Louis XV, alijengewa banda la starehe pale Louveciennes na msanifu Ledoux, likakamilika 1771: nguzo, mistari imenyooka, Ugiriki mtupu. Fragonard akapewa kazi ya picha nne kubwa za mapenzi. Akatoa kila alicho nacho, bustani, barua za siri, vijana wanapanda ukuta. Du Barry akazirudisha. Mahali pake akatundika za Vien, mwalimu wa David: wasichana waliovaa Kigiriki wanatulia mbele ya hekalu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndani ya jengo lile za Fragonard zilionekana za jana.

Hapo ni kama 1773, mwalimu. Hakuna mapinduzi hapo. Anayeifukuza Rokoko mlangoni ni kimada wa mfalme, kwa sababu imepitwa na fasheni. Na za Vien ukizitazama bila hasira ni baridi kama uji wa jana.

#11 Kidagaa

Hizo za Fragonard zikaishia wapi?

#12 Mpaka_Rangi

Alizikunja akazitunza. 1790 mambo ya Paris yalipochafuka akarudi kwao Grasse, alikozaliwa mtoto wa mtengeneza glovu, akazitundika kwenye nyumba ya binamu yake na kuongeza nyingine za kujazia kuta. Zikakaa huko zaidi ya karne nzima. 1898 tajiri wa Marekani J. P. Morgan akazinunua, leo ziko Frick Collection, New York, zina chumba chao.

Du Barry alikatwa kichwa Desemba 1793. Kati ya waliotoa ushahidi dhidi yake ni Zamor, mtumishi wake tangu utotoni, aliyeletwa kutoka Bengal. Du Barry alimwita Mwafrika siku zote, hakuwahi kushughulika kujua mtoto katoka bara gani. Mahakamani Zamor mwenyewe ndiye aliyewaambia amezaliwa Bengal.

#13 Mwl_Mstaafu

Na Fragonard? Maana makabaila walikuwa wanakatwa vichwa, mpaka waliowapaka poda.

#14 Mpaka_Rangi

Mwalimu, huyo aliokolewa na David. Mwanawe alikuwa mwanafunzi wa David, na David alipokuwa na nguvu akamtafutia mzee kazi kwenye jumba jipya la makumbusho pale Louvre. Mchoraji wa Marat alimpa mchoraji wa bembea ajira ya kutunza picha za taifa. Alikufa Paris 1806, Napoleon ni mfalme mkuu, David ndiye mchoraji wake wa kwanza na yuko mbioni kumaliza turubai la kutawazwa lenye upana wa karibu mita 10, dhahabu kila mahali. Waroma wake wa mawe matupu sijui walikuwa wamekwenda wapi.

#15 Fundi_Keko

Wakuu nimesoma kimya tangu juzi. Mimi nachonga sofa. Wateja wanaleta picha kwenye simu wanasema "fundi nataka ya kifalme", miguu imepinda kama ya mbuzi, maua mgongoni, rangi ya dhahabu. Kumbe ni hayo ya Louis XV. Siku hizi wameanza kuja wengine, hasa wale wanaojenga mipango miji, wanataka mguu ulionyooka, mbao isugue iwe plain, hakuna ua hata moja. Nilidhani ni kubana matumizi, nikawapunguzia bei.

Sipunguzi tena.